Sauti ya Sirad Katika Albamu ya Tatu

Matanga yalipokwisha, na mikeka ya kuazima ikarudishwa msikitini, Abdilatif alimkuta mdogo wake Mustafe akisugua masufuria makubwa uani, nyumbani kwa marehemu mama yao katika mtaa wa Bula Iftin, Garissa. Hakuketi. Alisimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akavua kofia, akaivaa tena.

"Ile sauti ya Hooyo uitoe," alisema. Hooyo ndilo jina ambalo wote watatu, yeye, Mustafe na dada yao Kaltun, walimwita mama yao tangu walipojifunza kusema.

Mustafe hakuuliza sauti gani.

"Leo?"

"Kabla ya Ijumaa. Kila anayeufungua wimbo ule, Hooyo anaulizwa huko aliko. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumlaza, walaal, ndugu yangu. Mkono wangu ndio uliomgeuza kuelekea kibla. Sitaki asumbuliwe kwa ajili ya gitaa."

Alipokwisha kusema hayo aliondoka kwenda kuswali, akamwacha ndugu yake na masufuria, na steelwool iliyokuwa imeanza kumkata vidole.

Yapo mambo ambayo watu wa kaskazini mashariki tumezoea kuyamaliza namna hiyo, kwa sauti ya chini, kwa mapenzi ya kweli, na bila mtu kuulizwa. Abdilatif hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karani wa mifugo, mcha Mungu, aliyemlipia mama yao dawa miaka yote bila kumtangazia mtu. Lakini alichokuwa akikiomba pale uani kilikuwa kikubwa kuliko alivyojua, na Mustafe peke yake ndiye aliyejua ukubwa wake.

Mustafe alikuwa mwimbaji wa metali. Huo ni muziki wa magitaa yaliyopandishwa mpaka yakwaruze, wa dramu zinazopigwa mfano wa mvua ya mawe juu ya mabati, na mwimbaji wake haimbi kwa koo. Hunguruma kutoka kina cha tumbo, kama mtu anayesukuma lori lililokwama mchangani. Aliimba hivyo Nairobi kwa miaka mingi, yeye na rafiki yake Dadacha, mpiga gitaa, Mborana wa upande wa Wajir. Garissa watoto wa mtaa walimwita Jenereta. Aliporudi kumuuguza mama yake alianza kuishi kwa kutengeneza na kukodisha spika, na watu wale wale waliomwambia kwamba kazi yake ni ya shetani ndio waliompigia simu kipaza sauti cha msikiti kilipopiga mluzi katikati ya hotuba. Alikwenda, akatengeneza, akashukuriwa, kisha akanasihiwa. Ndivyo tulivyo. Tunapenda sauti ifike mbali, ila tunataka tuchague sisi ni nani aruhusiwe kuwa nayo.

Albamu zake zilikuwa tatu. Ya kwanza aliiita *Lango la Moto*, na yote ilikuwa ya Kiingereza. Aliimba juu ya theluji, na mbwamwitu, na makanisa yaliyobomoka milimani, yeye aliyezaliwa mahali ambapo mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Vijana wa Nairobi waliipenda sana. Yeye mwenyewe, kila alipoisikia baadaye, alijiona kama mtu anayepita katikati ya soko la Garissa mwezi wa Februari akiwa amevaa koti zito la mwingine.

Ya pili, *Abaar*, maana yake ukame, aliiimba kwa Kisomali. Humo mlikuwa na mizoga ya ng'ombe kando ya barabara, na malori ya msaada yaliyongoja kwanza wapiga picha wafike ndipo yafunguliwe. Wazee wawili walimwendea baba mkwe wake kulalamika. Mheshimiwa mmoja alisema redioni kwamba kijana yule anawaaibisha watu wake. Hakusema lolote juu ya malori. Mkewe alichoka na maneno ya watu, wakaachana. Hata hivyo Mustafe hakuijutia *Abaar*. Alijua kwamba alikuwa ameweka shingo yake mwenyewe mezani, na shingo ni yake.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa na Hooyo.

Sirad, mama yao, alikuwa mshairi. Alighani buraanbur, ushairi wa wanawake, unaotungwa na wanawake na kughaniwa mbele ya wanawake. Mwanamume hata akiujua mwanzo hadi mwisho hausemi hadharani. Garissa nzima walimwita kwenye harusi. Lakini lilikuwapo shairi moja ambalo hakulipeleka harusini hata siku moja. Alilitunga akiwa msichana huko Balambala, mwaka ambao wanaume wenye sare na bunduki walifika visimani, wakawakusanya wanaume waliokuwa wakinywesha ngamia, wakawapakia malorini. Mmoja wao alikuwa kaka yake, Salah. Hakurudi. Hapakuwa na maiti, wala karatasi, wala kaburi, wala mtu yeyote aliyewahi kumketisha Sirad na kumuuliza alichokiona. Alichokiona alikitia katika shairi, na shairi akalifunga kifuani.

Mustafe alipomwomba aliimbe, alidhani atafukuzwa. Mama yake alikuwa akichambua dengu. Hakuinua macho.

"Na yale makelele yenu yatakuwapo?"

"Ukitaka tutayaondoa, Hooyo. Utaimba peke yako."

"Peke yangu?" Aliisukuma sinia pembeni. "Nimemlilia ndugu yangu kwa sauti ndogo tangu nikiwa na meno yote, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Wewe una kelele, mwanangu. Kelele ndiyo kitu nilichokikosa. Nipe zote."

Basi Dadacha alikuja kutoka Nairobi, vyombo vikapandishwa juu ya mkokoteni wa punda kutoka stendi hadi Bula Iftin, na jirani mmoja aliuliza kama ni mashine za kuchimba kisima. Mustafe akasema ndiyo, na ndiyo sababu albamu ikaitwa *Kisima*. Mpiga dramu walimpanga jikoni ili ukuta uzuie kidogo. Dadacha alipojaribu gitaa, Sirad aliziba sikio moja.

"Huyo mnyama wako amenyang'anywa ndama?" alimuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama, hiyo ndiyo sauti yake ya furaha."

"Basi siku ya msiba asije kwangu."

Hapo ndipo Dadacha alipotoa ushauri ambao Mustafe aliukataa. Kila studio hufanya hivi: mwimbaji hurekodiwa peke yake, vyombo hurekodiwa mbali, kisha vyote huunganishwa, ili kila kitu kiweze kurekebishwa bila kukigusa kingine. Dadacha alisema, "Tumchukue mama kwanza, peke yake, safi. Sisi tutajipanga baadaye." Mustafe alisema hapana. Alitaka kipaza sauti kimoja, uani, watu wote kwa pamoja, mara moja tu, bila kurudia. Alitaka mama yake asukumane na magitaa, ayapande, ayashinde. Alijua kwamba wakikosea hapatakuwa na cha kurekebisha, na hilo hasa ndilo lililompendeza. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alisema kazi isiyoweza kuharibika haina uhai.

Na kwa kweli yule mama aliyashinda.

Lakini *Kisima* haikupata watu. Vijana wa Nairobi waliandika mtandaoni kwamba hawakuja kusikiliza ajuza. Watu wa Garissa hawakuifungua kwa sababu ya magitaa. Gazeti moja liliahidi kuandika na halikuandika. Nakala chache za diski zilibaki ndani ya katoni chini ya kitanda cha Mustafe, zikaliwa zote na joto. Huko mtandaoni wasikilizaji walikuwa wachache kiasi kwamba aliweza kuwakisia kwa majina. Bendi ikavunjika. Kwa miaka kadhaa Mustafe aliliona hilo kuwa pigo la kawaida la msanii, akalizoea.

Sasa, juu ya masufuria, aliliona upya. Kama *Kisima* ingependwa, Abdilatif asingekuwa na cha kuomba, kwa maana wimbo uliopendwa huwa umeshaingia katika simu za watu wasiohesabika, na hakuna ndugu awezaye kuutoa humo. Albamu iliyoshindwa ndiyo inayoweza kufutwa. Ilikuwa mahali pawili tu, mtandaoni na katika diski yake ya kuhifadhia, na funguo zote alikuwa nazo yeye.

Jioni ile alimpigia Dadacha, akamuuliza kama sauti ya Hooyo yaweza kutenganishwa na magitaa.

"Nilikwambia tumchukue peke yake," Dadacha alisema, kisha akajuta haraka. "Pole, ndugu yangu. Nitumie. Siku hizi kuna programu zinazotenganisha. Nitajaribu usiku huu."

Kesho yake alituma alichokipata. Programu ilikuwa imeng'oa magitaa kweli, ila ilikuwa imeng'oa na nyama. Kilichobaki kilikuwa sauti ya mtu aliyezama, isiyo na pumzi, isiyo na ule mkwaruzo wa Sirad ambao wanawake wa Garissa wangeutambua kutoka nyuma ya ukuta. Mustafe aliisikiliza kidogo akaizima. Alihisi kama ameonyeshwa uso wa mama yake kupitia gunia.

Kaltun, dada yao, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyemwosha mama yao na kumfunga sanda. Alifika alasiri ya Alhamisi akiwa bado na chaki kwenye mkono wa buibui, akawakuta kaka zake wawili wameketi chumbani kwa marehemu, spika ndogo ikiwa kati yao mkekani, imezimwa.

"Hukumu gani hii ya watu wawili?" aliuliza. "Mimi sikuzaliwa?"

"Keti, abaayo, dada yangu," alisema Abdilatif. "Hakuna hukumu. Tunamwondolea Hooyo mzigo."

"Mzigo? Aboowe, kaka yangu, wewe chini ya godoro lako ulipokuwa sekondari kulikuwa na nini? Nilikuwa nikifagia chumba chako. Kaseti za nyimbo za mapenzi, mpaka waya wa kitanda ulipinda."

Mustafe alicheka bila kutaka. Hata Abdilatif alifunika mdomo.

"Nilizichoma," alisema.

"Ulizichoma kanda zilipokwisha kukatika!"

"Kaltun." Sauti yake ilishuka. "Mimi niko hai. Dhambi yangu naweza kuitubia. Yeye hawezi tena. Unaelewa? Mlango wake umefungwa, na wimbo uko wazi."

Kaltun alikung'uta chaki mkononi. Kisha akasema polepole, kama anavyowasemesha watoto wa darasa la kwanza, "Aliulilia udhalimu. Hakuimba mapenzi, hakuimba pombe. Alisema walimchukua Abti Salah, mjomba wetu, kisimani na hawakumrudisha. Unaogopa Hooyo ataulizwa. Je, waliomchukua, wao wanaulizwa na nani? Wapo, wamestaafu, wanalipwa pensheni. Hakuna anayewaambia wafute chochote."

"Hilo ni la Mungu."

"Kila lililo lao ni la Mungu. Kila lililo letu ni la kufutwa leo kabla ya Ijumaa."

Ningependa kuandika kwamba maneno hayo yalitosha. Yangetosha katika nchi ambayo mauti ya mtu wa Balambala huandikwa mahali. Kwetu shahidi ni mama aliyefunga jambo kifuani, na mama akifa tunajadiliana namna ya kumsafisha.

"Umewahi kuusikia?" Mustafe alimuuliza kaka yake.

"Hapana. Mnajua mimi sisikilizi."

"Usikilize leo, mara moja. Usinifanye nikizike kitu ambacho hujakiona uso."

Abdilatif alitazama mlango. Alikwenda akaufunga mwenyewe, akarudi akaketi, akainamisha kichwa kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

Wimbo ulianza na gitaa la Dadacha, peke yake, likikwaruza chini sana. Halafu dramu kutoka jikoni. Halafu Sirad. Hakuanza kwa upole. Aliingia katikati ya kelele kama mwanamke anayewasukuma wanaume mlangoni, na kila chombo kilipopanda naye alipanda juu yake. Alisema habari za kisima, na za kamba iliyoachwa ikining'inia, na za ngamia waliosimama bila kunywa kwa sababu sauti waliyoijua haikuwaita. Alilitaja jina la Salah, akalitaja tena, na mara ya tatu akalipiga kelele, kelele ambayo watoto wake hawakuwahi kuisikia ikitoka kwake katika maisha ya kawaida.

Abdilatif alikuwa akilia. Hakujifuta.

Ndipo ikafika sehemu ambayo Sirad anaeleza nguo alizokuwa amevaa kaka yake siku ile, ili yeyote atakayemwona amtambue. Kaltun, aliyekuwa akifuata kwa midomo akijaribu kuyashika maneno, alisogea karibu na spika. Lakini hapo hapo Mustafe wa wakati ule, kijana aliyejaa nguvu, alianza kunguruma. Mngurumo wake uliufunika ubeti mzima. Mama yake aliendelea kusema chini yake; sauti ilisikika, maneno hayakusikika.

"Rudisha nyuma," alisema Kaltun.

Alirudisha.

"Tena."

Alirudisha tena, na tena, na kila mara alijisikia mwenyewe akimfunika mama yake.

"Alivaa nini?" Kaltun aliuliza. "Mustafe, alivaa nini Abti? Hooyo alikwambia?"

"Hakuniambia. Nilidhani nitamuuliza."

Wimbo ukaendelea hadi mwisho; magitaa yakakatika ghafla, kama walivyokuwa wamepanga. Mashine, hata hivyo, ilikuwa bado inarekodi, na Mustafe aliyapenda yaliyofuata, akayaacha ndani ya albamu. Palisikika kuku. Palisikika Sirad akihema, kisha akicheka kidogo, kisha akisema kwa sauti yake ya kila siku, "Mmemaliza? Njooni basi, chai inapoa."

Basi, mwisho.

Abdilatif alijifuta uso kwa ncha ya kikoi.

"Alikuwa na sauti kubwa hivyo," alisema. "Sikujua."

"Basi iache," alisema Kaltun.

"Ndiyo maana siwezi kuiacha." Akamgeukia Mustafe, na hakuwa akiamuru tena; alikuwa akiomba, macho mekundu, mtu mzima. "Walaal, nakuomba. Sitalala. Kila usiku nitasikia kuna mahali mtu ameifungua."

Mustafe alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu ujana: kwamba kazi ya kweli huogopesha, na anayetaka usalama asishike kipaza sauti. Alikuwa amewaambia hivyo wazee, na redio, na mkewe. Alikifungua kinywa alitoe, na halikutoka. Maisha yake yote alikuwa amezoea kuhatarisha vilivyo vyake: jina lake, ndoa yake, koo lake. Sasa kilichokuwa mezani kilikuwa kaburi la mtu mwingine, na ingawa akili yake ilimwambia kwamba kaka yake amekosea, hakuwa na uhakika wa kutosha kuweza kumbebesha mama yake hatari hiyo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Hooyo mwenyewe aliichagua kelele ile kwa kinywa chake, na yeye ndiye shahidi pekee, na shahidi yule alikuwa anaogopa.

"Hooyo alikubali," alisema, kwa unyonge. "Alisema nimpe kelele zote."

"Alikubali akiwa hai," alisema Abdilatif.

Mustafe alifungua kompyuta. Kaltun alisimama akaenda dirishani, akaanza kughani chini kwa chini yale aliyoyashika, haraka, kama mtu anayetoa vyombo katika nyumba inayoungua. Alikuwa ameshika mwanzo, na kamba, na ngamia. Maneno mengine yalikuwa ya wachungaji wa zamani, ambayo mwalimu wa mjini hakuyajua maana, na yalimponyoka kila alipoyagusa. Alipofika kwenye nguo za Salah alinyamaza, akaruka, akaendelea.

"Ngoja," alisema Abdilatif, mkono wa Mustafe ukiwa umekwisha kufika kwenye kitufe cha kufuta. "Pale mwisho. Yale maneno aliyosema baada ya vyombo. Yale si wimbo."

"Ya chai?"

"Yale nibakishie. Naweza kuyasikia yale bila hofu."

Basi Mustafe aliyakata yale maneno, kuku, pumzi, kicheko na chai, akayaweka peke yake. Kisha akamwandikia Dadacha afute alichobaki nacho, akaifuta *Kisima*, mtandaoni kwanza, halafu katika diski. Haikuchukua muda. Alikuwa ametegemea mashine imwulize mara nyingi kama ana hakika. Ilimwuliza mara moja.

Abdilatif ndiye aliyeipeleka sauti ile kwenye kundi la ukoo, lenye watu wa Garissa, Wajir, Mandera na ng'ambo. Dua zilimiminika jioni nzima. Kaltun aliandika chini yake: *Alikuwa mshairi. Alimtungia shairi kaka yake Salah, aliyechukuliwa Balambala.* Ujumbe wake ulikaa pale, na alama zikaonyesha kwamba watu wameusoma.

Aliyejibu mwishowe alikuwa binamu yao wa Elwak, mwanamke mwema ambaye hakukusudia ubaya. Aliandika kwamba chai ya Hooyo Sirad haikuwa na mfano kaskazini nzima, akauliza kama kuna anayejua alikuwa akitia iliki kiasi gani. Watu walianza kubishana. Mustafe alisoma mabishano yale hadi mwisho, kisha, kwa kuwa alijua, akawaandikia jibu.